Doa la Jua, mwako wa Jua

Doa la Jua (wingi: madoa ya Jua) ni sehemu ya uso wa Jua inayoonekana nyeusi kwa kuwa joto lake ni dogo kuliko la sehemu zinazoizunguka: takriban nyuzi 3,500 za Selsiasi, ilhali uso kwa jumla hufikia 5,500. Ingawa neno doa huvuta fikra za uchafu au ila, hapa hakuna kilichochafuka; ni nguvu za sumaku zinazozuia joto lisipande kutoka ndani. Kisawe waa kinakubalika.

Mwako wa Jua ni mmweko wa ghafla wa mnururisho, ambao aghalabu hutokea juu ya makundi ya madoa. Miako huainishwa kwa herufi A, B, C, M na X, kila daraja likiizidi iliyotangulia kwa nguvu mara 10.

Magazeti hupendelea mlipuko wa Jua, na hapo ndipo tafsiri huharibika, kwani neno hilohilo hutumiwa pia kwa wingu la utegili, yaani gesi yenye chaji, linalorushwa na Jua. Mnururisho wa mwako hufika duniani kwa dakika 8 na huweza kukatiza redio ya masafa mafupi upande wenye mchana. Wingu huchukua kwa kawaida siku 1 hadi 3, na ndilo liletalo dhoruba ya sumaku. Tahadhari isemayo tu kwamba "mlipuko umetokea" haimwambii rubani wala fundi wa gridi ya umeme iwapo athari imekwisha kufika au ingali njiani.

Mei 2024 inatoa mfano mzuri. Mawingu yaliyorushwa kutoka Eneo 3664 yalileta tarehe 10 dhoruba ya daraja G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Tarehe 14 eneo hilohilo lilitoa mwako wa X8.7, mkubwa kuliko yote iliyolitangulia humo. Lakini lilikuwa limefika ukingoni mwa Jua, na wingu lake halikuelekea duniani. Mwako mkubwa, basi, si lazima ulete dhoruba. (3664 ni namba ya utambulisho wa eneo, si idadi ya madoa.)

Tanbihi: herufi kubwa isiachwe. Mwako wa jua, kwa herufi ndogo, ni ukali wa jua la mchana tu.