WAREMBO WA ZENJI KWENYE POSTIKADI: NGUO TUNAZIONA, MAJINA HATUNA!

Wadau, zile postikadi za kizamani za Zanzibar mnazijua? Mwanamke kasimama studio, kajipiga kanga mbili, mkono kiunoni, macho makavu kwenye kamera. Chini pameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili. Jina hakuna.

Picha hizo zilipigwa miaka ya 1890 na kuendelea, na studio za Mji Mkongwe kama A.C. Gomes na Coutinho. Kamera ilitoa nyeusi na nyeupe, rangi ikatiwa baadaye. Nyingine zilichapishwa Ulaya, na mtia rangi wa huko hata hiyo kanga hakuwahi kuiona. Kwa hiyo ukiona nyekundu, usiape kwamba ilikuwa nyekundu! Ulaya mchezo huo ulikuwa wa zamani: magazeti ya mitindo ya Paris ya miaka ya 1830 yalikuwa na michoro ya magauni iliyopakwa rangi kwa mkono. Tofauti ni kwamba michoro ile iliuza gauni, postikadi ikamuuza mwanamke mwenyewe kama kitu cha kutazamwa.

Lakini yeye naye alikuwa na lake. Wakati wa utumwa, mjakazi alivaa kaniki au merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani. Alijifunga kifuani, kichwa wazi. Kujifunika kichwa kulikuwa heshima ya waungwana. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, ingawa masuria walisubiri hadi 1909. Hapo ndipo wanawake waliotoka utumwani walipoiacha kaniki wakaikumbatia kanga: moja kiunoni au kifuani, ya pili kichwani na mabegani. Si urembo tu huo. Ni mtu anawaambia mtaa mzima, mimi si wa mtu tena.

Sasa mtazame tena yule wa kwenye postikadi. Mnunuzi alipata picha ya kutuma kwao. Yeye alionekana amevaa kanga yake.

Leo kuanzia Darajani hadi Kizimkazi kanga bado inauzwa kwa doti, mbili mbili vilevile. Mwenye picha ya bibi yake kabatini aigeuze sasa hivi, aandike jina nyuma, kabla hajabaki "mwanamke wa Kiswahili" tu.