Mwandishi na orodha ya wasomaji: zawadi ya bure inavuta nani?

Orodha ya barua pepe ni mkusanyiko wa adresi za wasomaji ambao wenyewe wamekubali kupokea habari za mwandishi. Haiko sawa na ukurasa wa Facebook wala grupu ya WhatsApp. Ukurasa wa Facebook uko mikononi mwa kampuni. Kampuni njo inachagua nani ataona tangazo, na siku akaunti ikifungwa, wafuatiliaji wote wanapotea nayo. Grupu ya WhatsApp nayo inaonyesha namba za watu mbele ya wanachama wengine. Lakini orodha ya adresi, mwandishi anaweza kuiandika kwenye daftari, kuiweka kwenye flashi na kuhama nayo.

Huku mashariki ya Congo, jambo hilo ni zito. Watu wanahama kwa ghafula, kutoka kijiji kwenda mjini, ao kutoka Goma kwenda Kampala. Simu inaibiwa, namba inabadilika. Mtu anayekumbuka neno lake la siri anaweza kufungua barua zake kwenye simu nyingine, hata kama yuko mbali na kwao.

Zawadi njo inachagua watu

Ni watu wachache wanaotoa adresi yao hivi hivi tu. Ndiyo maana waandishi wengi duniani wanatanguliza kitu cha bure: sura ya kwanza ya kitabu, hadithi fupi, ao karatasi moja yenye mafundisho. Anayeitaka anaacha adresi yake na kukubali kupata barua zingine.

Hapa njo kwenye mtego. Mwandishi akiahidi mega za intaneti ao tisheti, orodha itajaa haraka, lakini itajaa watu waliofuata mega. Siku kitabu kinatoka, watakaonunua ni wa kuhesabu. Zawadi nzuri ni ile ambayo mtu asiyependa kitabu hataitamani.

Kwa hiyo zawadi inapaswa kufanana na kitabu chenyewe. Anayeandika riwaya atoe hadithi fupi ya mmoja wa watu wa riwaya ile. Anayeandika juu ya kilimo cha kahawa atoe kurasa mbili juu ya kutunza miche. Anayeandika kitabu cha mapishi atoe namna ya kupika sombe na samaki. Anayeandikia watoto atoe ngano moja yenye picha za kupaka rangi.

Uzito wa faili nao uangaliwe. Msomaji analipa mega kwa franga zake, na PDF yenye mapicha makubwa inaweza kukataa kushuka pale mtandao uko dhaifu. Hadithi fupi inaweza kuandikwa ndani ya barua yenyewe, pasipo faili yoyote.

Mfano wa Andy Weir

Mmarekani Andy Weir alikuwa mtu wa kuandika programu za kompyuta. Maandishi yake ya kwanza yalikataliwa na mawakala wa vitabu. Kwa hiyo alianza kuweka The Martian, hadithi ya mtu aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mars, kwenye tovuti yake, sura kwa sura, bure. Kwa miaka alikuwa amejenga orodha ya wasomaji karibu 3.000, na kila sura mpya ilipotoka aliwajulisha kwa barua pepe.

Wasomaji hao njo walimwomba aiweke hadithi yote kwenye Kindle. Aliiweka kwa senti 99 za dola, bei ya chini iliyoruhusiwa pale. Kitabu kiliuzwa sana, kisha nyumba ya uchapishaji Crown ikakitoa mwaka 2014, na filamu ikafuata mwaka 2015. Zawadi yake ilikuwa hadithi ile ile, na waliojiandikisha walikuwa wasomaji wa kweli.

Kukusanya na kutuma

Mwandishi wa Bukavu ao Bunia anaweza kuanza pasipo tovuti. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu kilichochapwa, aandike adresi yake na zawadi atakayopata msomaji atakayemwandikia. Kwenye mauzo shuleni ao kanisani, aweke daftari. Herufi moja ikisomwa vibaya adresi imekufa, kwa hiyo ni vizuri kutuma barua ya kwanza palepale, msomaji akiwa bado amesimama mbele yake.

Akituma kwa watu wengi kwa mara moja, adresi zote ziingie kwenye nafasi ya Cci, kusudi msomaji mmoja asione adresi za wengine. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku. Orodha ikikua, kuna huduma kama Brevo ya Ufaransa, ambayo inatoa barua 300 kwa siku bila malipo. Barua moja kwa mwezi inatosha, na kila barua ieleze namna ya kujiondoa. Anayeomba kutoka, atolewe siku ileile.

Adresi ya mtu ni amana

Congo ina Sheria ya mambo ya digitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda habari za watu binafsi. Lakini hata pasipo sheria, kwenye eneo lenye vita na mashaka, karatasi yenye majina inaweza kumletea mtu shida, zaidi sana kama kitabu kinagusa siasa ao ardhi. Mwandishi aombe jina moja na adresi tu. Kabila, avenue na kazi ya msomaji havimsaidii kuuza kitabu. Daftari lisilale ovyo, na orodha isikopeshwe mtu, hata rafiki anayegombea uchaguzi. Msomaji alikubali kupokea hadithi, hakukubali kupokea kampeni.

Siku kitabu kinatoka

Barua ya siku hiyo iwe fupi: jina la kitabu, bei kwa franga na kwa dola, na mahali kinapopatikana. Wasomaji wengi hawana karti ya benki, kwa hiyo ieleze pia namna ya kulipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na namna kitabu kitamfikia aliye Uvira ao Butembo. Wasomaji 60 wanaojibu barua wanamfaa mwandishi kuliko 600 wasiofungua. Nao ni watu wa kuuliza, kabla ya kulipa mchapaji, nakala ngapi zichapwe.