Programu Inapofungwa, Nani Anabaki na Deni la Mwanafunzi?

Vyuo vikuu vyetu vimo katika zama za kupitia upya mitaala. Programu zinaunganishwa, nyengine zinabadilishwa majina, na nyengine zinasitishwa kwa sababu waombaji wamepungua, walimu hawatoshi, au soko la ajira limezipa kisogo. Sina ugomvi na hilo. Chuo kinachokataa kufunga chochote huishia kuwadahili vijana katika programu ambazo chenyewe kimeshaacha kuziamini. Swali linalonishughulisha ni jengine, nalo nimeulizwa na wanafunzi zaidi ya mara moja, tena kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ikiwa shahada yetu inafungwa, sisi tuliomo ndani tutakuwa wa nani?"

Mimi hufundisha historia hapa Unguja, na jibu langu kwa kawaida huanzia nyuma. Afrika Mashariki imewahi kufunga mambo makubwa kuliko programu moja ya shahada. Imewahi kuagana na shahada za dola iliyotutawala, na imewahi kufunga chuo kikuu kizima. Mara hizo mbili mwanafunzi hakuachwa njiani. Zipo mara nyengine ambapo aliachwa, na kinachozitenganisha mara hizi na zile si wingi wa fedha. Ni kama aliyefunga alisema mapema, kwa maandishi, nani atalibeba deni la waliokwisha kuingia.

Tuanze na Makerere. Kuanzia mwaka 1949 chuo hicho cha Kampala kilikuwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mwanafunzi alisoma Kampala, mitihani ikasimamiwa kwa viwango vya London, na shahada ikatolewa kwa jina la London. Shahada za kwanza za mpango huo zilitolewa mwaka 1953. Vijana wa Unguja na Pemba waliobahatika kufika huko walipita njia hiyo hiyo, kwani Visiwani hapakuwa na chuo kikuu, wala hapakuwa nacho hadi mwishoni mwa miaka ya 1990.

Mwezi Juni 1963 kikazinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Kisiasa, huo ulikuwa wakati wa kujivunia. Tanganyika na Uganda zilikwisha kupata uhuru. Zanzibar na Kenya zilikuwa zinaukaribia, na zote mbili ziliupata Disemba mwaka ule ule. Ingekuwa rahisi kwa viongozi wa wakati huo kusema kwamba shahada za mkoloni zimekwisha, na kwamba kila mwanafunzi ahamie kwenye shahada ya nyumbani. Hawakufanya hivyo. Waliokwisha kujiandikisha kwa shahada za London waliruhusiwa kuzimaliza, na walioingia baadaye wakasomea shahada za Afrika Mashariki. Kwa miaka kadhaa, katika majengo yale yale, vizazi viwili vya wanafunzi vilisoma chini ya majina mawili. Uhuru haukupungukiwa na kitu kwa sababu hiyo.

Miaka saba baadaye ikaja zamu ya kukifunga Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki chenyewe. Kila nchi ilitaka chuo chake. Tarehe 1 Julai 1970 vyuo vitatu vya taifa vikachukua nafasi ya kimoja cha kanda. Kwa upande wetu, Sheria Na. 12 ya 1970 ilikiunda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikirithi majengo, walimu na wanafunzi wa chuo kishiriki kilichokuwapo pale Mlimani.

Lakini kulikuwa na tatizo ambalo sheria ya nchi moja isingeweza kulitatua peke yake. Katika mpango wa zamani, masomo yaligawanywa baina ya miji: sheria ilianzia Dar es Salaam, uhandisi na udaktari wa mifugo vikasomwa Nairobi, na Makerere ikabaki ngome ya utabibu na kilimo. Dar es Salaam haikuwa na kitivo cha uhandisi hadi mwaka 1973. Mtanzania aliyekuwa Nairobi mwaka 1970, akiwa katikati ya masomo ya uhandisi, hakuwa na darasa la kurejea nyumbani. Kama kila nchi ingesema "wangu ni wangu, wako ni wako", kijana yule angebaki na vitabu mkononi bila ya shahada. Serikali tatu ziliunda Kamati ya pamoja ya Vyuo Vikuu ili ushirikiano na kubadilishana wanafunzi viendelee baada ya chuo chenyewe kutoweka. Kamati hiyo ndiyo mzazi wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki tulilonalo leo, lenye makao yake Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Uhusiano wa vyuo ulidumu.

Sasa turudi nyumbani, ambako historia haikuwa na upole huo kila mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palifunguliwa hapa Zanzibar Chuo cha Kiislamu, kilichokuwa kikiwaandaa walimu wa dini na wa lugha ya Kiarabu kwa utaratibu wa madarasa na mitihani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chuo kile kilifungwa. Elimu ya namna hiyo iliporejea chini ya Serikali mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilirejea katika chuo kingine na zama nyengine. Sihukumu hapa sababu za kisiasa za wakati ule. Zina mjadala wake. Nataka tu tuutazame ule muda wa katikati. Mtu aliyekatishwa masomo hakungojea kusoma kwa miaka kadhaa. Alioa au aliolewa, alitafuta kazi, alihama. Mlango ulipofunguliwa tena, waliopita walikuwa wadogo zake.

Mfano wa karibu zaidi uko Bara. Mwishoni mwa mwezi Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa masomo ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka chuoni. Programu hiyo ilikuwa imeanzishwa ili kuziba upungufu mkubwa wa walimu wa sayansi na hisabati, na ilipokea vijana waliomaliza kidato cha nne. Serikali ilieleza kwamba walimu wao walikuwa wamegoma kufundisha, na baadaye ukaibuka mjadala mkali juu ya sifa za kudahiliwa kwao. Suala lilifika Bungeni. Mwezi Julai ndipo wanafunzi walipotangaziwa mgawanyo wao: wengi kupelekwa vyuo vya ualimu vya Serikali, baadhi kubaki Dodoma, na wale walioonekana hawana sifa kutakiwa watafute ngazi nyengine ya masomo.

Tuwe waadilifu katika kulipima jambo hili. Wasiwasi juu ya ubora wa walimu wa sayansi ni wasiwasi wa haki, na nchi ina wajibu wa kuuliza nani anafundisha watoto wake. Aidha, mpango wa kuwapokea wanafunzi ulipatikana mwishowe. Ila ulipatikana baada ya amri, si kabla yake. Kwa muda wa wiki kadhaa, maelfu ya vijana walikuwa wanafunzi wa mahali ambapo hawaruhusiwi kukaa. Na hata palipokuwa na kosa la udahili, aliyedahili ndiye aliyekuwa na vigezo mkononi. Kijana aliomba, akakubaliwa, akapanda basi.

Tukiziweka habari hizi pamoja, tunaona kwamba kufunga programu kuna matendo mawili, na mara nyingi tunayachanganya. La kwanza ni kuacha kupokea wapya. Hilo Seneti na Baraza la Chuo wanaweza kuliamua katika kikao kimoja, na Tume ya Vyuo Vikuu ikaarifiwa. La pili ni kuwafikisha waliomo mwisho wa safari yao. Hilo huchukua miaka, na halina shangwe wala vyombo vya habari. Mwaka 1963 na 1970 mambo mawili hayo yalipangwa kwa pamoja. Mwaka 2016 la kwanza lilitangulia, na la pili likaja kuokoa hali.

Hapa Unguja tuna sababu ya pekee ya kulifikiria hili. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa Sheria Na. 8 ya 1999, na sehemu kubwa ya mwili wake ni vyuo vilivyokuwapo kabla yake. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni pale Vuga ilikuwa ikifundisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kabla ya kuingizwa ndani yake. Katikati ya muongo uliopita viliunganishwa pia chuo cha afya cha Mbweni, chuo cha fedha cha Chwaka na chuo cha utalii cha Maruhubi. Kila muungano wa namna hii una programu zinazobadilishwa jina, ngazi au mahali. Vyuo binafsi navyo vimepita huko: chuo cha elimu cha Chukwani leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, na wapo waliohitimu zamani wakiwa na karatasi zenye jina la awali.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma makala haya, hilo si jambo dogo. Uhakiki wa vyeti uliofanywa Bara mwaka 2016 na 2017, uliowagusa watumishi wapatao 10,000, ulihusu zaidi vyeti vya sekondari na ualimu, lakini ulitufundisha sote kwamba cheti kinaweza kuulizwa baada ya miaka 20 ya kazi. Siku hiyo afisa utumishi hataridhika na kumbukumbu za mtu. Atataka rejista. Ikiwa programu ilifungwa na hakuna ofisi iliyotajwa kuwa mrithi wa rejista yake, mhitimu wa halali atasimama mahali pamoja na mghushi.

Lipo na suala la mkia. Tunapotangaza kwamba programu ya miaka mitatu imepokea kundi lake la mwisho, tunahesabu kwamba baada ya miaka mitatu yote yamekwisha. Kila mhadhiri anajua kuwa sivyo. Yupo aliyeahirisha mwaka kwa sababu ya uzazi, aliyeugua, aliyerudi shamba kutafuta ada, na aliyebeba somo moja ambalo sasa halifundishwi tena kwa sababu mwalimu wake amekwisha kuhama. Hawa ndio wanaoanguka kwanza, na mara nyingi ndio wenye uwezo mdogo zaidi wa kupiga kelele. Mkia wa programu ya miaka mitatu unaweza kuvuka miaka mitano au sita.

Na lipo suala la mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011, na ile ya Muungano iliyoitangulia, hukopesha kwa kufuata muda wa programu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akihamishiwa programu nyengine na kuambiwa aanze upya mwaka wa kwanza, ada ya miaka aliyopoteza inabaki deni lake, ingawa hakuchagua kuhama. Atalilipa kwa mshahara wake wa kwanza, kama ataupata.

Najua jibu la wakuu wa vyuo, na ni jibu lenye uzito. Kufundisha darasa la wanafunzi tisa kunagharimu sawa na darasa la 90. Fedha inayowabakiza walimu katika programu inayokwisha ndiyo ile ile ambayo ingeanzisha programu mpya. Nalikubali hilo kama hesabu. Lakini gharama hii haitoweki chuo kinapokataa kuilipa. Inahamia kwa mzazi wa Makunduchi au Micheweni aliyeuza ng'ombe wake kwa ahadi yetu. Basi iingizwe katika bajeti ya uamuzi wa kufunga tangu siku ya kwanza. Ikiwa chuo hakimudu kuwafikisha waliomo, bado hakijawa tayari kufunga.

Kwa hiyo napendekeza kwamba azimio lolote la kusitisha programu lisipite katika Seneti bila ya maelezo haya ndani yake: mwaka wa mwisho wa kupokea wapya, na mwaka wa mwisho wa kutoa shahada ukihesabu na mkia, orodha ya masomo na nani atayafundisha hadi hapo, hata ikiwa ni mwalimu wa kuazima kutoka chuo jirani, mkataba wa maandishi na chuo kitakachowapokea watakaotaka kuhama, unaotambua masomo waliyokwisha kufaulu, makubaliano na bodi za mikopo juu ya muda unaoongezeka, na jina la ofisi itakayotunza rejista na kujibu barua za uhakiki. Nakala ya azimio hilo apewe kila mwanafunzi aliyemo, kwa lugha anayoielewa.

Nawasihi na wanafunzi: mkisikia fununu, msiishie kwenye makundi ya simu. Andikeni kupitia serikali yenu ya wanafunzi, mkiuliza maswali hayo kwa jina la programu yenu, na muombe jibu lenye saini na tarehe. Waliokuwa Makerere mwaka 1963 walimaliza kwa sababu walikuwa na jibu la namna hiyo. Sisi tunaofundisha tunapaswa kuwa wa kwanza kulitia saini.