Malale: Somo Lililosahauliwa

Katika maarifa ya jamii, aghalabu sisi walimu huwasimulia wanafunzi habari za wafalme, vita na mikataba, tukamwachia mwalimu wa sayansi habari za maradhi. Hata hivyo, yako maradhi yaliyogeuza nchi kama vita vigeuzavyo. Malale ni mojawapo.

Yafaa tuanze na jina. Malale latokana na kulala; Waganda waliyaita mongota, yaani kusinzia. Wanafunzi watambue kuwa wenyeji walikwisha kuichunguza dalili kuu ya ugonjwa wakaipa jina.

Mwaka 1901 madaktari Albert na Jack Cook, wa hospitali ya misheni ya Mengo, waliwatambua wagonjwa wa kwanza. Mwaka 1903 David Bruce, akifuata kazi ya Aldo Castellani aliyeviona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo, alionyesha kuwa mwenezi ni mbung'o. Yakadiriwa kuwa katika miaka 20 ya mwanzo wa karne hiyo zaidi ya watu 200,000 walikufa Busoga, Buganda na visiwani. Dawa ilikuwa haba: atoksili, aliyoijaribu Robert Koch huko Sese mwaka 1906 na 1907, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa.

Gavana Hesketh Bell akaamuru watu waondolewe kandokando ya Ziwa Viktoria. Kuanzia 1909 zamu ikawa ya visiwa. Vifo vilipungua. Lakini wavuvi walipoteza ziwa lao, na mashamba yaliyoachwa yakamea vichaka.

Nilipolifundisha somo hili, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, wale watu waliulizwa?" Darasa likanyamaza. Nami sikuwa na jibu ila kwamba amri ilitoka juu. Hapo niliona kuwa somo limeanza hasa. Tulijadili mpaka kengele: je, amri iokoayo maisha yaweza kuwa na dhuluma ndani yake?

Ndugu walimu, swali hilo si la kale tu. Wanafunzi wetu wa Uganda waliona shule zikifungwa tangu Machi 2020 hadi Januari 2022. Wanajua amri za afya zinavyoingia nyumbani kwao. Tuwape historia ya malale, na Kiswahili cha kuisema, ili siku ya maradhi mengine wasiwe watu wa kuamriwa tu, bali wajue pia kuuliza.