Safari za Wasomali, na Kodi ya Shilingi Thelathini



Sisi tukaao Ilomba, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, tumezoea kuona wageni wakipita. Miongoni mwao wako Wasomali: wengine ni madereva, wengine wafanya biashara, na wengine ni vijana waendao mpaka Afrika ya Kusini kutafuta riziki. Watu huwatazama wakasema, "Hawa hawana kwao, ni watu wa kutangatanga tu." Leo nataka tulipime neno hilo kwa historia. Mimi naona si kweli. Msomali huhama kwa sababu ijulikanayo na kwa njia ijulikanayo. Tabu yake kubwa si mwendo, bali ni swali aulizwalo kila afikapo: "Wewe ni mtu wa namna gani, nasi tukuandike wapi?"

Kwanza tuitazame nchi yao. Sehemu kubwa yake ni kame, na mali ya watu ni ngamia, mbuzi na kondoo. Mvua ikikosekana, mtu hufuata malisho. Mbele yake iko bahari, na ng'ambo yake ni Bara Arabu. Tangu zamani majahazi yalivuka kwa pepo za msimu, na katika bandari ya Berbera palikuwa na soko kubwa kila mwaka. Wenyeji walileta mifugo, samli, ngozi na ubani. Wageni walileta tende, mchele na nguo.

Mwaka 1839 Waingereza waliitwaa Aden, mji ulioelekeana na Berbera, ili marikebu zao za moshi zipate mahali pa kupakia makaa. Askari wa Aden walihitaji nyama, na nyama hiyo ilitoka kwa Wasomali. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, marikebu zikazidi, na kazi nazo zikazidi. Wasomali wengi wakawa wachukuzi bandarini na wachochea moto katika marikebu, na baadhi yao wakafika mpaka Cardiff katika Uingereza. Toka mwaka 1884 Waingereza wakafanya mapatano na wakuu wa pwani ya Berbera, wakaitia nchi ile chini ya ulinzi wao.

Hivyo ndivyo njia ya kuja kwetu Afrika ya Mashariki ilivyofunguka. Mzungu mmoja mashuhuri, Lord Delamere, aliingia Kenya mwaka 1897 akitoka upande wa Usomali, naye alikuwa na Wasomali katika msafara wake. Wengine waliletwa kuwa askari, wachukua bunduki wa wawindaji, wasimamizi wa nyumba na wanunuzi wa ng'ombe. Wengi wa hao waliotoka Aden na Berbera walikuwa wa ukoo mkubwa wa Isaaq. Baada ya Vita Vikuu vya 1914 mpaka 1918, askari wa Kisomali walikaa Isiolo pamoja na jamaa zao. Wengine wakaendelea na biashara ya ng'ombe, wakafika Uganda na Tanganyika. Tazameni basi: watu hawa hawakupotea njia. Waliitwa kwa kazi, wakaja.

Lakini walipokwisha kukaa, swali likaja. Sheria za Kenya siku zile ziliwagawanya watu kwa asili yao. Mzungu alikuwa na mahali pake, mtu wa Asia pake, na Mwafrika pake. Na mahali pa mtu ndipo palipoamua atakaa wapi, atatibiwa wapi, na kama atachukua kipande shingoni. Mwaka 1919 ilitolewa sheria iliyowatoa baadhi ya Wasomali katika hesabu ya wenyeji kwa mambo fulani. Ila haikusema kama ni watu wa Asia. Wakabaki katikati, kama mtu asimamaye mlangoni, hakuingia wala hakutoka.

Mwaka 1936 ikatoka sheria mpya ya kodi. Watu wa Asia watalipa shilingi 30. Wengine wasio Wazungu, wala watu wa Asia, wala wenyeji, watalipa shilingi 20. Wasomali wakawekwa katika hao wa shilingi 20. Je, walifurahi kupunguziwa? La! Watu wa Isaaq walikataa, wakaandika barua za madai mpaka London, wakitaka watozwe shilingi 30. Madai hayo yaliendelea mpaka miaka ya Vita Vikuu vya Pili.

Najua wako watakaocheka, maana ni nani aombaye kuzidishiwa kodi? Lakini tusicheke upesi. Zile shilingi 10 walizitoa ziwe bei ya jina. Wao husimulia kwamba babu yao, Sheikh Isaaq, alitoka Arabuni. Nao wenyewe walikuwa wamekuja kwa njia ya Aden. Waliogopa kwamba wakikubali kodi ndogo leo, kesho watanyang'anywa na heshima ndogo waliyokuwa nayo.

Hata hivyo mwalimu hana budi kusema pande zote mbili. Madai yao yalikuwa na kasoro. Ngazi ile ilikuwa mbaya yenyewe, kwa kuwa ilimweka Mwafrika chini ya wote. Wao waliomba kupanda daraja moja, hawakuomba ngazi ivunjwe. Mtu atafutaye heshima kwa kusimama juu ya bega la jirani yake huanguka jirani akisogea.

Na zamani zilipogeuka, jambo hilo lilionekana. Mwaka 1974 nchi ya Somalia iliingia katika Umoja wa Nchi za Kiarabu. Ni miaka hiyo hiyo ambapo bei ya mafuta ya petroli ilipanda sana, na Wasomali wengi wakaenda Saudia, Kuwait na nchi za Ghuba kufanya kazi. Basi wakafika katika nchi ambazo mababu walijihesabu kuwa za asili yao. Wakapokewaje? Wakapokewa kama wageni wengine wa kazi: kila mmoja chini ya mdhamini, aitwaye kafili, na ruhusa ya kukaa ikiwa mkononi mwake. Huku Kenya nako, mwaka 1989, Serikali iliwachuja raia wake wa Kisomali, ikawapa kadi za rangi yao peke yao. Swali lilikuwa lile lile la mwaka 1936.

Mwaka 1991 Serikali ya Somalia ilianguka kwa vita, na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Ndipo kambi za Dadaab zilipoanzishwa katika Kenya. Je, ni nini kilichowashika watu hao wasipotee? Ni ukoo na uaminifu. Mtu aliye Dubai humpa wakala fedha. Wakala hupeleka habari kwa mwenziwe Burao au Nairobi. Na mama mzazi hulipwa huko, wala hakuna sarafu iliyovuka bahari. Kazi hiyo huitwa hawala. Kwa uaminifu huo huo bidhaa za Dubai zilijaza maduka ya Eastleigh, mjini Nairobi.

Sasa turudi Ilomba. Wazee wa Rungwe na Mbeya walikwenda kwa maelfu katika migodi ya Afrika ya Kusini, na katika migodi ya shaba ya nchi iitwayo leo Zambia. Huko waliandikwa katika vitabu vya watu wengine, wakaitwa kwa majina wasiyoyachagua, nao wakaleta nyumbani mablanketi na fedha za mahari. Hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba hawana kwao. Kwao palikuwa hapa, walipongojewa.

Basi umwonapo Msomali akishuka barabarani kununua chakula, usiseme hana kwao. Yuko mtu mahali fulani angojaye habari zake. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sisi watoto wa wasafiri yatupasa kumwuliza swali jingine: "U hali gani, na safari yako ni ya wapi?"