Faili Limekataa Kufunguka

Steshenari iliyo jirani na lango la chuo ina misimu yake kama shamba. Msimu wa kutetea utafiti ukifika, wateja huingia na tai shingoni na jasho usoni, na wote wana neno moja: "Kaka, faili limekataa kufunguka." Nimelisikia tangu enzi za disketi, na kila enzi ilikuwa na sababu yake ya kukataa.

Kabla ya hapo hapakuwa na cha kukataa. Walimu wetu waliandika kwa kalamu ya wino juu ya plastiki ang'avu, wakailaza kwenye mashine ya taa, maandishi yakatokea ukutani. Hata PowerPoint yenyewe, ilipotolewa mwaka 1987 na kampuni ya Forethought ya Marekani kwa kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin, ilikuwa chombo cha kuandalia plastiki za namna hiyo, nyeusi na nyeupe, tena kwa kompyuta za Macintosh tu. Mwaka huohuo Microsoft waliinunua Forethought kwa dola milioni 14, na toleo la Windows likafuata mwaka 1990.

Disketi ilibeba megabaiti 1.44. Ukiweka picha mbili tatu za kamera, imejaa. Halafu programu za wakati ule, mpaka toleo la 2003, zilikuwa na mtindo wa kusevu haraka: badala ya kuliandika faili upya, zinabandika mabadiliko mwishoni mwa lile la zamani. Slaidi uliyoifuta jana bado imo, haionekani, na nafasi inakula. Dawa yetu ilikuwa kusevu upya kwa jina jingine. Faili lilinywea kiasi kwamba mteja mmoja, mama wa makamo, alizihesabu slaidi zake moja moja mbele yangu kabla ya kutoa hela.

Kizaazaa chenyewe kilikuja na Office ya 2007. Miundo ya faili ilibadilishwa, ppt ikawa pptx. Wanafunzi wenye laptop mpya walikuwa na toleo jipya, kompyuta za kumbi na maofisi zikabaki na la 2003. Mtu amekesha anapanga slaidi, asubuhi anachomeka flashi ukumbini, kompyuta inamtolea kialama cheupe kisichojulikana ni cha nini. Fundi wa pale akiulizwa, jibu ni "virusi". Flashi inaformatiwa, kazi yote inakwenda, kumbe faili lilikuwa zima kabisa! Hilo hunikera mpaka leo. Microsoft walikuwa wametoa bure kifurushi cha kuyawezesha matoleo ya zamani kusoma mafaili mapya, lakini kabla ya mkonga wa SEACOM kufika pwani yetu mwaka 2009, kukipakua kulitaka uvumilivu. Tulipeana kwa sidii, duka hadi duka. Mlangoni nikabandika karatasi: SEVU KWA 97-2003.

Si kwamba virusi havikuwepo. Kile kilichoficha mafolda na kuacha njia za mkato mahali pake kilimliza kila mtu, na mafundi wa mtaani tuliishika kichwani amri ya attrib -h -r -s kama namba ya simu ya nyumbani. Vitu vilikuwa vimefichwa tu, havijafutwa.

Uzuri wa muundo mpya niliujua baadaye. Faili la pptx kwa kweli ni zipu. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina uwe zip, lifungue: slaidi zimo ndani ya folda la ppt, na picha zote zimo kwenye folda la media. Orodha ya yaliyomo huandikwa mwishoni kabisa mwa faili, kwa hiyo anayechomoa flashi kabla ya kusevu kuisha mara nyingi huikata orodha hiyo, PowerPoint ikadai faili limeharibika, ilhali sehemu kubwa ya mzigo imo. Programu za kukarabati zipu zimenitolea picha na maandishi ya watu walioshakata tamaa.

Video ilikuwa kesi nyingine. Mpaka toleo la 2010 lilipoanza kuiweka ndani ya faili, slaidi ilikumbuka tu mahali video ilipokaa kwenye kompyuta ya nyumbani, na flashi iliondoka bila video.

Siku hizi mafaili huja kwa barua pepe au WhatsApp, na yakifunguka kwa hali ya ulinzi, mtu haruhusiwi kuhariri mpaka abonyeze kitufe cha kuruhusu kilicho juu, kwenye ukanda wa njano. Wapo wanaonilipa nikibonyeze. Wengine faili wamelitengeneza kwenye simu, fonti zikafika zimebadilika na maandishi yamemwagika nje ya visanduku. Aliyebakiwa na dakika chache namgeuzia PDF. Mbwembwe za maneno kuruka kutoka pembeni zinabaki dukani, yeye anawahi zamu yake.