Gari la mashindano likikwama Sigowet, ushuru ni wa nani?

Kila Kenya inapoandaa mashindano ya kimataifa, makontena hushuka Kilindini yakiwa na vitu ambavyo havikuja kukaa: magari ya mbio, spea, mahema, jenereta, kamera, vyombo vya kupimia muda. Vinaingia, vinatumika, kisha vinarudi vilikotoka. Vijana wengi wa Mombasa hupata riziki kwa kuvitoa bandarini. Ni vyema kila anayeshika kazi hiyo ajue sheria inasemaje, kwa sababu mgeni akishapanda ndege, anayebaki na makaratasi ni mwenyeji.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na zamani magari yalizunguka hadi nyanda za chai za Kericho. Zilitoka katika kalenda ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, zikarudi 2021, kituo kikiwa Naivasha. Zipo pia mbio za magari ya kale, zilizoanza 2003, ambazo zimefika Pwani mara nyingi. Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipokea CHAN, na nchi hizo tatu ndizo zilizopewa AFCON ya 2027. Mizigo itakuja.

Sheria inasemaje

Sheria inayotumika ni ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 117. Mali iliyoingizwa kwa matumizi ya muda tu husamehewa ushuru wa forodha, kwa masharti haya:

1. Ruhusa ya ofisa wa forodha ipatikane. Kusema kwa mdomo kwamba mzigo utarudi hakutoshi.

2. Muda usizidi miezi 12 tangu siku ya kuingia. Ofisa anaweza kutoa muda mfupi zaidi kulingana na shughuli.

3. Mwenye mali aweke fedha taslimu au dhamana inayolingana na ushuru ambao angelipa. Dhamana hii kwa kawaida hutolewa na benki au kampuni ya bima.

4. Mali itoke ndani ya muda. Isipotoka, ushuru unadaiwa kuanzia siku ile ilipoingia.

Anayevunja masharti ametenda kosa, na mali yenyewe inaweza kutaifishwa.

Vitu vya kuliwa, kunywewa, kuchomwa au kugawiwa watu havifai kuingia kwa njia hii. Mafuta ya injini, maji ya chupa, fulana za zawadi: hivyo havitarudi, kwa hiyo viandikiwe hati zake mbali. Wengi hukwama hapa kwa kuchanganya kila kitu katika orodha moja.

Hesabu yake

Tuseme mahema na viti vina thamani ya shilingi 1,000,000, na kiwango cha ushuru wake ni asilimia 25. Ushuru ni 250,000. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya 1,250,000, nayo ni 200,000. Jumla 450,000, kabla ya ada nyingine za uingizaji. Mzigo ukipotelea nchini, hilo ndilo deni, na aliyetoa dhamana atalipa kisha amgeukie aliyetia saini.

Mfano wa Sigowet

Sasa tutoke bandarini twende bara. Chukua mfano huu wa kubuni: gari la huduma la timu ya kigeni linavunjika ekseli karibu na Sigowet, kaunti ya Kericho. Timu ina haraka. Inamwachia fundi wa hapo gari, na jenereta moja inauzwa kwa mkulima wa chai kwa bei ya kutupa. Wote wanapeana mikono wakiwa radhi.

Mbele ya forodha, mambo bado. Gari bovu halijatoka nchini kwa kuwa bovu. Lazima ofisa ajulishwe mapema, alione au apate ushahidi, ndipo iamuliwe kama litasafirishwa, litaharibiwa mbele yake au litalipiwa. Jenereta nayo haikuruhusiwa kuuzwa kabla ya kibali na malipo yanayohusika. Mkulima aliyenunua kwa nia njema anaweza kuijiwa na kuchukuliwa mali yake, na wakala aliye Mombasa akadaiwa kwa kitu asichokiona kikiuzwa. Umbali wa Sigowet na bahari haubadilishi kitu: masharti husafiri na mali.

Mambo ya kushika

Orodha iandikwe kitu kimoja kimoja, na namba za injini, za chasisi na za mashine. Piga picha. Namba zilizoingia ndizo zitakazolinganishwa siku ya kutoka.

Andika tarehe ya mwisho mahali unapoiona kila siku. Ukiona haitoshi, omba nyongeza kabla haijapita.

Kubaliana na timu kwa maandishi kwamba chochote kitakachovunjika, kuibiwa au kuuzwa utaarifiwa siku hiyo hiyo. Kikiibiwa, ripoti ya polisi ipatikane.

Mzigo ukishatoka, usihesabu kazi imekwisha. Fuatilia mpaka dhamana ifutwe na upate uthibitisho.

Nawe unayeuziwa kitu cha mashindano kwa bei rahisi, uwe Likoni au Sigowet, uliza hati ya ushuru kwanza. Isipokuwepo, mwache aondoke nacho.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ikipotea bila daftari, habari zake zitakuja baadaye, zikiwa zimeandikwa jina lako.